Glavu ya Eivind

Rognan, tarehe 3 Machi

Dada yangu mpendwa Gunnvor,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani huko Hispania, magoti yameacha kukusumbua na jua linakuchoma vizuri. Shemeji mpe salamu, mwambie koleo lake la theluji bado liko kwangu na lina afya kuliko yeye. Huku sote tu wazima. Mama anakula, analala, na anawalalamikia watangazaji wa redio kwamba wanameza maneno. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni. Mimi mwenyewe sijambo, isipokuwa mguu wa kulia, ambao nitakueleza.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mtu niliyekimbia shule nikaenda baharini, na ambaye simu haitoki mkononi. Lakini kwenye simu wewe unauliza, mimi najibu, na nikianza kujibu najisikia mwenyewe ninavyopamba. Kalamu inanichelewesha kidogo.

Nianze na gari, maana hujaliona. Dada, lile si gari, ni nyumba yenye magurudumu. Asubuhi naliamsha kwa simu nikiwa bado nakula mkate na jibini, na nikitoka nje vioo vimeshayeyusha barafu vyenyewe. Kiti kinakupasha moto mgongo, usukani unakupasha moto viganja. Kila gurudumu linajua lenyewe likanyage kwa nguvu kiasi gani. Kile kilima cha kanisa ambacho kililishinda lori la maziwa siku mbili, mimi nilikipanda nikinywa kahawa kwa mkono mmoja, na sikumwaga hata tone. Haya, tone moja. Na mbele, katikati ya shoo, ule wavu wa puani, lina jicho la kuona mbele hata pale ambapo mwanadamu haoni kitu.

Mwanao Eivind, kama unavyojua, bado ana lile gari dogo la zamani linalopasha moto vidole vya miguu tu. Nimeliita kopo la dagaa tangu siku ya kwanza, na yeye hucheka tu. Kucheka kwake huko sasa kunanichoma.

Siku ile ya Februari tulikuwa tunarudi Rognan kutoka mji wa Mo, kwenye sherehe ya mama mdogo, magari mawili. Mama nilimchukua mimi kwa ajili ya viti vya moto, Eivind alikuwa peke yake, maana mkewe Maiken alibaki nyumbani na tumbo lake la miezi minane. Mlimani Saltfjellet tukakuta geti limefungwa. Hakuna kupita ila kwa msafara, nyuma ya gari la kusukuma theluji.

Mtu wa barabara, amevaa njano toka kichwani mpaka miguuni, akapita dirisha kwa dirisha. Akauliza kama tuna nguo za joto na koleo. Akasema tufuate taa za aliye mbele, tusipite, tusigeuze, na hata litokee nini, mtu asitoke ndani ya gari lake. Nikamwambia gari langu lingeweza kuliongoza lile la kwao. Akanijibu bila kucheka kwamba mlima haujasoma karatasi za dukani.

Tukiwa tunasubiri, kioo cha kugusa cha ndani kikaandika kwamba jicho la mbele limeziba kwa theluji. Nikaona liendelee kuziba, nani atoke kwenye joto? Eivind alikuja kumsalimia bibi yake, akaliona lile andiko, akazunguka mbele, akapiga magoti kwenye theluji, akaanza kulisugua jicho kwa glavu yake ya sufu, moja ya zile nyekundu alizofumiwa na Maiken. Nikashusha kioo nimchokoze.

“Unalisafisha au unalibusu? Rudi kwenye kopo lako, wivu utakuua.”

“Mjomba,” akasema, “bila jicho hili, hilo lako nalo ni kopo. Kubwa tu.”

Kisha geti likafunguliwa. Eivind mbele, sisi nyuma yake.

Nimekuwa baharini miaka kumi na tisa, dada, na nimewahi kusimulia mawimbi marefu kuliko mnara wa kanisa. Safari hii siongezi kitu. Ilikuwa saa saba mchana na hapakuwa na mchana. Zile fito za kuonyesha ukingo wa barabara zilipotea, kisha barabara, kisha boneti yangu mwenyewe. Upepo ulilisukuma gari ubavuni kama ng'ombe anayejikuna. Kilichobaki duniani ni taa mbili nyekundu za Eivind, ndogo kama makaa. Halafu nazo zikazimika.

Niliogopa mpaka meno yakaniuma. Nilijua ametuacha, msafara wote umetuacha, nami nina mama wa miaka themanini na tatu na gari linalokula umeme kila dakika. Nikaongeza mwendo ili niwafikie.

Hapo gari likasimama.

Wewe umesikia kwamba nilisimama mimi. Gazeti la hapa limeandika hivyo, na picha yangu nimeegemea mlango. Mtoto wa Eivind amezaliwa salama, ubatizo ni Jumapili ya Matawi, na barua yako inasema mmekubaliana aitwe Torfinn, jina langu, kwa sababu Torfinn alimwona baba yake kwenye theluji na kumwokoa. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma nachoka zaidi.

Sikumwona, Gunnvor. Gari lilifunga breki lenyewe, likapiga kelele na kuwasha nyekundu kila mahali, mbele yangu ni weupe mtupu. Nikalitukana. Nikakanyaga mafuta, kama tunavyosema bado ingawa hili halinywi mafuta. Likakataa. Nikakanyaga tena, kwa mguu wote. Likakataa tena. Basi nikaenda kwenye kioo, nikatafuta pale pa kuizima hiyo akili yake, na likaniuliza kama nina hakika. Kidole changu kilikuwa hapo, kwenye ndiyo. Ndipo Mama akanishika mkono.

“Gari limeogopa, mwanangu. Ogopa na wewe.”

Upepo ukapumua kidogo. Eivind alikuwa ameinama kati ya bampa yangu na gari lake, mgongo umetugeukia, urefu wa mkono mmoja kutoka kwangu. Taa zake zilikuwa hazijazimika, zilifunikwa na theluji. Alijua mjomba wake hamwoni, akatoka kinyume cha amri ili azifute, tusipotee.

Aliruka ndani ya gari langu, akanikumbatia, akaniuliza nimewezaje kumwona. Mama akanigeukia, akingoja nijibu. Nikasema macho ya mvuvi.

Mpaka leo Mama hajamwambia mtu. Ananitazama tu wakati wa kula. Gari nimelifungia bandani nyumbani. Watu nawaambia linasubiri fundi, lakini ni mguu. Nikiuweka pale chini unaanza kutetemeka, unakumbuka ulivyokandamiza mara mbili.

Ndani ya bahasha kuna glavu moja nyekundu. Aliiangusha kwenye gari langu siku ile, naye ameitafuta mwezi mzima nikimsikia. Hiyo ndiyo iliyolifuta jicho, na jicho ndilo lililomwona. Mwanao alijiokoa mwenyewe, na mimi nilikuwa nambishia. Jumamosi nitakwenda kwa miguu nikamwambie yeye na Maiken. Naomba usimpigie kabla, nisije nikapata pa kujificha.

Mtoto mpeni jina la baba yake, au lolote mnalopenda, lisiwe langu. Siku ya ubatizo nitakaa benchi la mwisho karibu na mlango, kama bado nimealikwa.

Msalimie shemeji, na jua la huko. Mama anakusalimu, nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga, akanikatia kipande cha keki.

Ni mimi mdogo wako,
Torfinn