Safu ya Walioanguka

Mpendwa Mama Kabura, naomba unisaidie kabla mwezi huu wa Juni haujaisha, kwa sababu kuna karatasi niliyoitia sahihi ambayo ukiisoma utaona kila neno lake ni kweli, na mimi najua ni uongo, na hapa kwetu sina mtu wa kumweleza ambaye hatakwenda moja kwa moja kwa pasta.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nilimaliza kidato cha nne, na sasa ni karani katika ghala la mahindi mjini Eldoret. Wazazi wetu walitoka Bungoma kuja kutafuta kazi huku kabla sijazaliwa, baba alishafariki, na mimi ninaishi na mama mtaa wa Pioneer. Tangu kidato cha pili ninaandika shajara, kila jioni tarehe, hali ya hewa na jambo moja au mawili ya siku hiyo, kwa hiyo tarehe ninazokupa hapa sizitoi kichwani. Majina yote nimeyabadilisha, langu pia.

Nina ndugu mmoja tu, mdogo wangu, nimwite Wepukhulu, fundi wa umeme. Tarehe 22 Desemba mwaka jana tulikuwa mezani, mama akamwambia aombee chakula, naye akasema bila ubishi wowote, “Mama, mimi siamini kuna mtu anayesikia. Lakini ombeni nyinyi, nitawangoja.” Mama alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha, lakini pia hakuna kilichobadilika nyumbani, maana kila Jumapili aliendelea kumbeba mama kwa pikipiki hadi kanisani, kisha anakaa langoni akisoma gazeti mpaka ibada iishe ndipo amrudishe. Waya zote za kanisa letu alizivuta yeye bila kudai chochote, na mzee mmoja alipomtania kwamba anamfanyia kazi Mungu asiyemwamini, alijibu, “Mwambieni kama mimi simwamini, yeye aniamini mimi na hizi waya zangu.” Tulicheka sote, hata Pasta Johnstone alicheka siku hiyo.

Lakini Pasta Johnstone alikuja kumwambia mama kwamba mtu anayekana kuwa Mungu yupo si yeye anayesema, kuna kitu kimejifungia ndani yake kinachosemea kinywa chake, na kitu hicho kisipotolewa kitaingia kwa jamaa yote, na mama alifunga siku saba bila kula mchana, na mimi nilifunga pamoja naye, na kusema kweli nilikuwa nimeogopa.

Ilikuwa Jumapili tarehe 9 Machi. Baada ya ibada watu wa kawaida waliondoka, wakabaki pasta, wazee wanne, mama na mimi, kwa kuwa mimi ndiye katibu wa kanisa. Wepukhulu alikuwa nje akimngoja mama. Waliniambia nikamwite, na nilijua hawezi kuingia kwa ajili ya maombi, basi nikamwambia spika imekatika. Alitoa bisibisi kwenye mfuko wa pikipiki akanifuata, akaingia akiuliza, “Ni ipi, ya kushoto?”

Mlango ukafungika. Mwanzoni alicheka, alidhani ni mchezo, halafu akajikuta chini, na nikaambiwa nishike miguu kwa sababu inafaa awe mtu wa damu yake, na nilishika. Mkanda ukatoka. Mama alikuwa upande wa madhabahu akiimba kwa sauti ya juu sana. Wepukhulu akauliza mbona wanampiga, na Pasta Johnstone akasema, “Hatumpigi Wepukhulu. Tunampiga aliye ndani yake.” Ndugu yangu akageuza shingo akanitafuta kwa macho, akaniambia kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kuomba chumvi, “Linah, aliye ndani ni mimi.”

Sikuiachilia miguu, Mama Kabura. Makofi yakaangukia sikio, mkono ukapindika nyuma ukavunjika, nilisikia, na baada ya hapo akanyamaza, wakasema amefunguliwa, wakapiga makofi ya shangwe.

Mimi kama katibu nina daftari, na kila ibada ninajaza safu tatu, wageni, waliookoka na walioanguka. Kwetu mtu akiombewa na nguvu zikamshukia huanguka, na neno hilo ni la furaha, tunalisema kama watu wengine wanavyosema fulani amepona. Siku hiyo niliandika jina la ndugu yangu katika safu ya walioanguka. Jioni nikafungua shajara yangu, ambayo hakuna mtu mwingine huisoma, nikaandika hivi: “Jumapili. Jua kali, upepo na vumbi. W. aliombewa, alianguka.” Sijui kwa nini niliandika vile hata humo.

Hospitalini walisema mkono umevunjika kwenye kiwiko na ngoma ya sikio la kushoto imepasuka. Alikwenda polisi mwenyewe. Wazee wote waliandikisha kwamba alianguka, mama pia, na tarehe 18 Machi nikaitwa mimi. Siku moja kabla, Pasta Johnstone alikuwa amenishauri kwa upole kwamba nisiongeze wala nisipunguze, niandike tu kilicho katika daftari la kanisa, kwa kuwa hilo si uongo. Nikaandika, “Aliombewa, akaanguka,” nikatia sahihi.

Wepukhulu alihamia Turbo, amekodi chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Mkono haunyooki, kwa hiyo hawezi kupanda ngazi kuvuta waya darini, anatengeneza pasi na redio tu. Nilikwenda kumwona Jumamosi tarehe 31 Mei. Nilimsalimu nikiwa kushoto kwake na hakugeuka, ndipo nikakumbuka. Alinipikia chai kwa mkono mmoja. Nikamwambia tunamwombea kila Jumatano. Akasema, “Tangu siku ile watu wengi wananiombea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mkono unauma.” Na hata hapo sikumuuliza, nilitazama tu kikombe. Aliponisindikiza akaniambia askari aliye na faili amesema bila shahidi litafungwa mwisho wa Juni. “Sikwambii umkane Mungu wako, dada. Andika tu ulichoona.”

Nilimweleza mama. Alisema nikibadilisha maneno yangu nitakuwa nimemkabidhi mtumishi wa Mungu kwa watu wa dunia, na kwamba afadhali Wepukhulu afike mbinguni na mkono mmoja kuliko kupotea na miwili. Ameyasema hayo mama ambaye sasa anakwenda kanisani kwa miguu, dakika arobaini, na akifika langoni kila mara anatazama mahali pikipiki ilipokuwa ikisimama.

Mimi bado ninaamini, na hapo ndipo ninapoumia. Ninapopiga magoti kuomba, maneno yanayonijia ni “spika imekatika”. Bisibisi yake aliiacha sakafuni siku ile, iko kwenye mkoba wangu mpaka leo ninapoandika. Naomba uniambie, nikisimama na ndugu yangu asiyeamini dhidi ya watu wa Mungu, nitakuwa nimesimama upande gani?

Katibu, Pioneer

*

Linah, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo rahisi. Utakuwa umesimama upande wa mtu aliyevunjwa mkono. Mimi pia ni mtu wa kanisa, nimefundisha watoto Jumapili miaka kumi na minne, kwa hiyo usidhani unajibiwa na mtu asiyejua magoti yanavyouma. Ndugu yako amekuambia wazi hataki umkane Mungu. Anayekutaka uchague kati ya Mungu na ukweli ni pasta wako, na hiyo peke yake ingekutosha kumjua.

Sasa acha nikukemee kidogo, kisha nitakuachia.

Soma tena barua yako. Wewe ni mtu wa utaratibu, umenipa kila tarehe, umenipa na vumbi. Lakini tazama mambo yanavyotendeka humo. Spika imekatika. Mlango ukafungika. Mkanda ukatoka. Makofi yakaangukia sikio. Mkono ukavunjika. Ndugu yako akaanguka. Hakuna mtu aliyefanya chochote, Linah, vitu vyote vilijifanya vyenyewe siku hiyo. Nani alifunga mlango? Mkanda ulitoka kwenye kiuno cha nani? Mkono ulivunjwa, haukuvunjika. Ndugu yako aliangushwa. Ndiyo maana karatasi ile ina kila neno la kweli na bado ni uongo, na nadhani ulilijua hilo kabla hujanunua bahasha.

Lakini viko vitenzi viwili umevibeba mwenyewe, ukaniandikia bila kujificha: nilimwambia, nilishika. Mtu mwovu angeanza kwa kuviacha hivyo viwili. Wewe ulificha ya wenzako na kutoa yako. Uliogopa, ulifunga siku saba, uliambiwa unamwokoa mdogo wako, na mama yako alikuwa pale akiimba. Nakuhurumia, na simaanishi kwa mdomo. Huruma hiyo lakini haimponyi mtu sikio, kwa hiyo tufanye kazi.

Leo jioni fungua shajara kwenye tarehe 9 Machi. Usifute wala usichane ukurasa. Andika chini yake tarehe ya leo, kisha andika upya siku ile nzima, na kila kitenzi ukipe mwenyewe wake kwa jina lake halisi. Uliidanganya shajara yako kwa sababu ulijua ukiyaona maneno hayo kwa mwandiko wako hutaweza kuyarudisha. Sawa. Sasa yaandike usiweze kuyarudisha.

Daftari la kanisa nalo usiliguse kwa kalamu. Piga picha ukurasa ule na uliache mahali pake.

Halafu, wiki hii, si ijayo, mtafute wakili kabla hujafika kituoni. Wako wanaosaidia watu bila malipo, uliza mahakamani utaelekezwa. Sitakudanganya: uliandikisha maneno ya kuficha, na ulishika miguu ya mtu akipigwa, na huenda utaulizwa kwa yote mawili. Mwambie wakili yote mawili. Kisha nendeni pamoja mkamwone askari mwenye faili, umwambie unataka kuandikisha taarifa nyingine. Si wa kwanza kurudi, na siku aliyopewa ndugu yako haijapita. Pasta Johnstone usimuage kabla ya kwenda. Upole wake umeshauonja tarehe 17.

Kwa mama, usibishane habari za mbinguni, hutamshinda na yeye hatakushinda. Ameimba kwa sauti ya juu ili asisikie, na mtu wa namna hiyo alikuwa tayari anasikia. Mwambie tu siku utakayokwenda Turbo na saa utakayoondoka, na umwachie nafasi ya kuja. Asipokuja safari hiyo, mwambie tena safari nyingine.

Na kuhusu maombi yako yaliyokwama, sidhani yamekwama. Kila ukipiga magoti unapewa sentensi ileile. Labda ndiyo unayojibiwa.

Ukitoka kituoni, panda gari la Turbo siku hiyohiyo hata kama umechoka. Mrudishie bisibisi yake. Usimwambie mnamwombea, ukitaka kumwombea, omba ukiwa njiani na ufike umemaliza. Kaa kulia kwake, upande unaosikia, umuulize kama mkono unauma. Akianza kukujibu, usimkatize.

Mama Kabura