Sekunde Mbili Nilizomwongezea Jelyn

Jaro, Iloilo
14 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Analiza,

Natumaini baridi ya Taichung haijaanza kukuuma vidole, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha. Sisi tunaendelea. Goti la mama yetu, Nanay, limepungua kuvimba, ila ukimwambia asipande ngazi ndiyo kwanza anapanda. Paa la jikoni linavuja, nimetega sufuria.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza na mimi hulia. Weng wa jirani anarudi huko Alhamisi, atakupa barua hii mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Ni habari ya mashindano ya Jelyn ya kupanga mchemraba wa rangi kwa kasi. Uliambiwa alishika nafasi ya kumi na tatu, na fainali wanaingia kumi na wawili. Uliambiwa mikono ilimtetemeka. Analiza, mikono ya mwanao haikutetemeka hata kidogo. Aliyeharibu ni mimi.

Unajua kule waamuzi ni wazazi na wachezaji wenyewe, kwa zamu. Nilijitolea, nikafundishwa asubuhi ile ile. Mchezaji akiukagua mchemraba, umtangazie sekunde nane zikifika, kisha kumi na mbili. Saa ikishasimama, mtu asiuguse. Halafu unaangalia kama kuna tabaka lililoachwa limepinda. Likiwa limepita nusu ya mgeuko mmoja, mchezaji anaongezewa sekunde mbili. Lisipofika nusu, haongezewi kitu. Nami nilivyo, nikajiona mjuzi kweli, na kitambulisho shingoni.

Jelyn akaletwa mezani kwangu kwa jaribio la tano, la mwisho. Ningeweza kuomba tubadilishane meza. Sikuomba, maana nilitaka kumwona kwa karibu. Nyuma ya kamba walisimama kina mama wawili, na wala hawakunong'ona.

"Haya bwana, mama yake mkubwa ndiye mwamuzi! Huyo keshafika fainali hata hajaanza."

"Acha tu, mwenzangu. Wa kwetu hawana ndugu mezani."

Uso ukaniwaka moto. Jelyn akaumaliza mchemraba kwa sekunde kumi nukta nane, akauachia. Tabaka la juu lilikuwa limepinda. Kidogo tu, Analiza. Ate Bing, mwamuzi wa meza ya pili, alichungulia akaniambia, "Mbona hiyo safi tu, haijafika nusu." Nami, kwa kuogopa midomo ya wanawake nisiowajua hata majina, nikamwandikia nyongeza ya sekunde mbili, kwa maandishi makubwa ili waone. Nilitaka nionekane mwenye haki, nikamdhulumu mtoto.

Kabla ya kupiga wastani, jaribio moja lililo baya kuliko yote hutupwa, na Jelyn alikuwa na lake baya tangu raundi ilipoanza. Kwa hiyo hili la tano halikuwa na pa kufichwa, likahesabiwa. Bila sekunde zangu mbili angeingia fainali, tena si wa mwisho.

Alikuwa na haki ya kukataa. Mchezaji akiona ameonewa, haweki sahihi kwenye karatasi mpaka msimamizi mkuu aitwe aje aangalie. Akishaweka, imekwisha. Jelyn alishika kalamu, akautazama mchemraba, akanitazama mimi. Kisha kwa ile "po" ya heshima uliyomfundisha mwenyewe, akasema, "Sawa po, Tita," jina analoniitia mimi mama yake mkubwa. Akaweka sahihi.

Mchana alikaa pembeni yangu akiwapigia makofi waliokuwa fainali.

Jioni ulipopiga simu nilikuwa jikoni naosha mchele, nasikia kila neno. Makubaliano yenu nayajua: asipofika fainali, anaacha mashindano na kushika masomo. Yeye ndiye aliyekuambia habari ya mikono kutetemeka. Ukamjibu kwamba ahadi ni ahadi. Akasema, "Ndiyo po, Mama." Na mimi nikaendelea kuosha mchele. Hilo linaniuma kuliko hata nilichoandika kwenye ile karatasi, kwa sababu pale mezani niliogopa watu, lakini jikoni hapakuwa na mtu wa kumwogopa.

Jana nilimwandikia msimamizi mkuu nikakiri. Alijibu kwa upole kwamba karatasi iliyokwisha tiwa sahihi haifunguliwi tena, na kwamba nikitaka kuwa mwamuzi tena nianze mafunzo upya. Sitaki.

Basi matokeo yatabaki yalivyo. Lakini lile katazo ni lako wewe, unaweza kuliondoa. Jelyn amekwisha panga michemraba yake yote saba kwenye bati la biskuti, na Jumapili anawagawia watoto wa kaka yetu, Kuya Nonoy. Nakusihi, mpigie kabla ya Jumapili. Alitimiza upande wake, mimi ndiye niliyemnyang'anya. Ukitaka wa kumkasirikia, nipo hapa.

Nanay anakusalimu sana. Kuya Nonoy na Gemma wanakusalimu, na mjomba wetu Tiyo Berting anauliza utarudi lini ule naye kaa. Mungu akulinde kazini na barabarani, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye, na anayekuomba radhi,

Ate Merlinda

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Niliona si haki wewe uyajue haya kabla yake, nikamwita Jelyn nikamweleza yote. Hakushtuka. Alisema, "Nilijua po, Tita. Niliona haijafika nusu. Ila wale kina mama walikuwa wanakusema, na ningemwita msimamizi ungeaibika mbele yao." Akaniuliza kama nimekwisha kula.