Ile Kumi Uliyojipa, Mama

Mama yangu wa Ikinga,

Nakuandikia nikiwa barazani kwako, mikono imejaa malengelenge. Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini.

Unamkumbuka yule binti aliyepita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali, akitaka kujua kama wenye kipato kikubwa ndio wenye furaha? Alikuuliza kwa mwezi unaingiza shilingi ngapi. Ukamjibu, "Mwezi gani?" Akauliza furaha yako ni ngapi kati ya kumi. "Andika kumi. Na huyu mwanangu mwandikie tatu, tangu afike jana anaongea na simu tu." Nilikasirika, mama! Mimi mwenye duka la jumla Tunduma, Wazambia wanapanga foleni kwangu, nipewe tatu? Nikasema moyoni, huyu mama hajui anachokosa.

Lakini nawe usijifanye. Nilipokuezekea mabati uliimba wiki nzima, na mvua ya kwanza ukaita majirani waje kuisikia. Hela ilikufaa. Nilipoharibu ni pale nilipoleta vibarua wakupalilie shamba, nikidhani nakupumzisha. Wenzako mnaolimiana kwa zamu wakafika na majembe yao, wakakuta kazi imekwisha, wakarudi makwao. Ulilia. "Umenifukuzia watu wangu," ukaniambia, kisha ukazunguka mlango kwa mlango kuomba radhi. Mimi nikaona unakuza mambo.

Sasa umetutoka, na mahindi yako yamezidiwa na magugu. Wiki nzima sikuthubutu kumwita mtu. Ningewaita kwa uso gani? Vibarua nao niliona aibu kuwachukua tena. Leo asubuhi nikaingia shambani peke yangu, nikapalilia mstari mmoja, mgongo ukagoma.

Mara nikasikia watu. Mama, walikuja wote! Mama Neema wa ng'ambo ya mto yuko mbele, kanga kaikaza kiunoni, hata salamu hakuimaliza akaanza kupalilia. Nikamwambia, "Mama Neema, mbona mimi sijamwita mtu?"

Akanishangaa. "Kwani tumekuja kwako? Mama yako alitupalilia sote kabla hajaugua. Leo zamu yake."

Jamani, mama. Nikashika jembe, nikaingia mstari wa pembeni yake. Tumekuzika, na bado una zamu.

Pumzika, mama yangu. Palizi ya pili wanaanzia kwa Mama Neema, Jumatatu. Nimeambiwa nisichelewe.

Ni mimi, kitinda mimba wako.