Paa la Kuonekana Barabarani

Mjukuu wangu Elibariki,

Marahaba, ingawa umenikasirisha. Sisi ni wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa. Unaniuliza kama upepo umewahi kung'oa paa hapa Moshono, eti watu wa bima ya duka lako wanataka kujua. Mbona hukuuliza kabla ya kumtuma fundi aje kukata migomba yangu?

Wakati wa Wajerumani nilikuwa msichana. Mwenye duka mmoja hapa aliezeka mabati, akafyeka migomba yote kuzunguka duka ili paa lionekane likimeremeta kutoka barabarani. Baba akamwambia, "Migomba ndiyo inayokushikia hilo paa." Yule bwana akacheka. Masika yalipoingia, upepo uliteremka kutoka mlimani, ukalibeba paa zima na kulitupa mtoni. Nyumba yetu ya nyasi, iliyojificha migombani, haikuguswa.

Basi waandikie hao wa bima kwamba upepo umewahi kung'oa paa, tena palepale unapojenga. Fundi wako yuko hapa uani, anakunywa chai yangu huku akilitafuta panga lake. Nimelikalia.

Bibi yako