Kwa Baba, Aliyeniuliza Kama Nyanya Zimeiva

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu.

Wenzangu tunaopiga picha kwa kujifurahisha bado wananisakama. Wao wanatuma kwenye kundi machweo ya Mikumi yenye rangi mpaka macho yanauma, mimi natuma nyeusi na nyeupe. "Zuhura, kamera yako imeishiwa rangi?" Nawajibu kwamba napenda hivyo tu. Ni kweli, ila si kweli yote.

Habari zako sijawaambia. Ulitaka kuwa dereva wa treni kama babu, wakakupima macho hapa Kilosa, ikaonekana nyekundu na kijani kwako ni kitu kimoja. Ukaenda kulima mpunga Tindiga na hukutaka mtu ajue. Mimi nilijua kwa sababu kila tukishuka Dumila, mbele ya meza za nyanya, uliniinamia sikioni: "Mama, hizi zimeiva?" Nilipoanza shule nikajitia mwalimu wako wa rangi. Ukacheka. "Rangi ya machungwa? Si mnasema machungwa yetu yanaiva yakiwa ya kijani? Basi hata ninyi mnaoona mnababaisha."

Halafu ile safari ya Mikumi, nilipokuwa na kamera yangu ya kwanza, ya mtumba. Garini kila mtu alinyoosha kidole kwenye majani: swala wale, swala wale. Ukaitikia, "Ee, nawaona." Nilijua huwaoni, na moyo uliniuma. Tuliporudi nyumbani nikakuonyesha picha, ukaipita haraka kama mtu anayesoma maandishi ya kigeni. Nikabonyeza ikawa nyeusi na nyeupe. Kidole chako kikaanza kutembea juu ya kioo cha kamera. "Huyu hapa. Na mwingine nyuma ya kichaka. Kumbe walikuwa wengi hivi." Hakuna aliyekuonyesha. Tangu hapo sijatamani tena picha ya rangi.

Sasa Hamisi, mdogo wangu, ameichukua ile picha niliyokupiga nyeusi na nyeupe ukiwa umekaa mlangoni, akaitia rangi kwa simu. Anataka tuikuze, itundikwe sebuleni. Sikufichi, umependeza, na amekuvisha shati la bluu. Nikakataa, akakasirika.

"Dada, baba hakuwa mtu wa zamani hivyo. Unamfanya kama hakuwahi kuwa na rangi."

Ningeweza kummaliza kwa neno moja, lakini neno lenyewe lilikuwa siri yako. Nikaonekana mkaidi tu, nikijua kwamba nikishindwa nitakupita kila siku sebuleni ukiwa kwenye picha ambayo wewe mwenyewe usingeifaidi.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Itundikwe ya Zuhura."

"Kwa nini, mama?" Hamisi akauliza.

"Baba yenu nilimtolea nguo za kuvaa kila asubuhi, tangu anioe. Mlidhani nilikuwa namdekeza?"

Hamisi hakuelewa. Mimi nilitoka nje nikalia.

Pumzika, baba. Siri yako tulikuwa tunaitunza wawili, kila mtu kivyake, na hakuna aliyekupenda pungufu kwa ajili yake.

Binti yako,
Zuhura