Ming'oko ya Mama Mkwe

Dorika uko wapi?? Nimeaibika mpaka natamani kuihama Newala.

Ile krimu ya homoni uliyoniletea kwa ajili ya joto la kukoma hedhi. Nesi alisema nipake kiasi cha punje ya kunde. Mimi nikajipaka mwili mzima kama mafuta! Sasa matiti yanauma, usingizi unanichukua hata nikichambua mboga.

Juzi mama mkwe kaja kutoka Mkunya, kanikuta nasinzia nimeshika kifua. "Mama Joel, una nini?" Niliona haya kumtajia hedhi. Si ulisema krimu inatokana na viazi vya porini, kama ming'oko yetu? Nikajibu, "Ni ming'oko tu, mama."

NI MING'OKO TU, Dorika!! Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Leo karudi na kapu zima la ming'oko. Vigelegele tangu barabarani! "Mimba yake inataka ming'oko!" Mimi, na miaka yangu hamsini na mbili!

Nikamweleza ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaninong'oneza, "Joto hilo mimi nilidhani nimerogwa."

Krimu nimepunguza. Ila majirani wameshaanza kunitekea maji. Wakikuuliza huko Masasi, sema ni mapacha.