Kompyuta Zilizopimwa Ijumaa

Kwa mjukuu wangu Sabir, huko Nairobi,

Salamu zangu pokea. Dadako Ummukulthum za kwake kazizuia. Paa tumeliziba, na mguu wangu haujambo.

Sasa nieleze. Kompyuta za darasa la wasichana analofundisha dadako hapa chini kwangu, umezipima kwa mtandao ukiwa huko huko ofisini kwenu, kujua kama zaweza kupokea hiyo Windows mpya. Ukazipima Ijumaa iliyopita saa saba mchana! Wewe uliyezaliwa Mji wa Kale hujui kuwa Ijumaa darasa hufungwa na kila waya huchomolewa ukutani? Hazikukujibu, ukaziandika zote mbovu, na Jumatatu lori la ofisi yenu laja kuzichukua. Dadako anililia begani, “Nyanya, kaka amenifungia darasa.” Wasichana wana mtihani mwezi ujao. Watajifunza juu ya meza tupu?

Ufunguo ninao mimi, na mwenye lori simfungulii. Pima tena Jumamosi hii asubuhi, zitakuwa zimewashwa. Itakayoshindwa hapo ichukue, sitasema neno.

Nami nakupigia simu tangu Idi, hujibu. Lakini mimi sijamwambia mtu kuwa umekufa.

Ni mimi nyanyako,
Bimdogo